Risiva kongwe kwa ukumbi wa Zanzibar: toleo la Marekani, la Japani au la Ulaya?

Anayetafuta risiva ya stereo ya miaka ya sabini, ile yenye uso wa rangi ya fedha, nobu nzito na kioo cha stesheni kinachowaka, kwa kawaida huanza na jina. Marantz au Pioneer? Sansui au Yamaha? Ni mabishano mazuri ya barazani, lakini kwa mtu wa Unguja au Pemba jina ni jambo la pili. La kwanza ni soko ambalo chombo kilitengenezewa. Viwanda vya Japani vilikuwa vikitoa modeli moja kwa matoleo kadhaa: la Marekani, la Ulaya, la kuuzwa huko huko Japani, na wakati mwingine la nchi nyingine zote. Kwa mbele ni pacha. Kwa nyuma na ndani zinatofautiana katika mambo ambayo hapa kwetu ndiyo yanayoamua kama jioni hiyo utasikiliza taarabu au utanusa moshi.

Ulinganisho huu unachukua matoleo matatu, la Marekani, la Japani na la Ulaya (pamoja na lile la volti nyingi), na kuyapima kwa vipimo vilevile. Risiva hapa ni boksi moja lenye redio, sehemu ya kuchagua na kurekebisha sauti, na amplifaya ya spika.

Tunapima nini

Umeme kwanza: chombo kinataka volti ngapi na hezi ngapi, na kitafikaje kwenye volti 230 na hezi 50 za hapa. Pili redio: masafa ya FM yanaanzia wapi na kuishia wapi. Tatu matundu ya nyuma, kwa sababu simu, santuri, deki na spika vyote vinaingilia huko. Nne, fundi: spea na michoro vinapatikana kwa taabu kiasi gani.

Wati hazimo kwenye orodha, kwa makusudi. Modeli ileile ina nguvu karibu sawa katika kila soko, na watu huzipa wati uzito usiostahili. Pioneer SX-650 ilitangazwa kwa wati 35 kila upande na SX-750 kwa wati 50. Tofauti yao kwa sikio ni desibeli moja na nusu tu, yaani kitu ambacho utakitafuta ukikose. Kwa ukumbi wa kawaida na spika za kawaida, wati 20 hadi 30 za kweli zinatosha, na jirani atakuwa amekwisha kugonga ukuta kabla hujazimaliza. Nasema za kweli kwa sababu Marekani ilianza Novemba 1974 kuwalazimisha wauzaji kutaja wati za kuendelea, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja. Matangazo ya kabla ya hapo yalikuwa na mbwembwe.

Toleo la Marekani

*Umeme.* Bamba la nyuma litasema volti 120, hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, bahati yako ni fyuzi kukatika mapema. Bila bahati, kapasita kubwa (vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme) zinapasuka na transfoma inaungua. Kwa hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Madukani kuna vitu viwili vinavyoitwa "konvata ya 220 kwenda 110". Kimoja ni kizito, kina chuma na nyaya ndani: hicho ndicho. Kingine ni chepesi, chaingia mkononi, kimeandikwa wati 1000 au zaidi. Hicho kinakatakata wimbi la umeme, kimetengenezwa kwa pasi na mashine ya kukaushia nywele. Ukikifungia risiva utasikia mngurumo kwenye spika na transfoma ya ndani itapata moto. Uzito ndio kipimo: transfoma ya wati 500 haiwezi kuwa nyepesi kama chaja ya simu.

Ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya wati za umeme zilizoandikwa nyuma ya risiva. Chombo cha wati 30 hadi 50 kila upande kinakaa vizuri kwenye transfoma ya 500. Ukiweza kuchagua, chukua ile yenye koili mbili zilizotengana badala ya yenye koili moja, kwa kuwa inatenga chombo na laini ya umeme, na risiva nyingi za zama zile hazina waya wa ethi.

Kuna suala la hezi ambalo wauzaji hawalitaji. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake kinabeba mzigo wa sumaku asilimia 20 zaidi. Inavuma na kupata moto. Dawa ni kuipa volti pungufu kidogo. Ukiipa 110 badala ya 120, ziada hiyo inashuka hadi asilimia 10 na mambo yanatulia. Lakini transfoma nyingi za kushusha zinagawa kwa mbili tu: zikiingia 230 zinatoka 115, zikiingia 240 zinatoka 120. Pima kwa mita usiku wa manane, wakati mzigo wa mtaani ni mdogo na volti ziko juu.

*Redio.* Hapa toleo la Marekani halina taabu. FM yake ni 88 hadi 108, stesheni zetu zote zimo. Kitu kimoja kidogo: Marekani hutumia kipimo cha mikrosekunde 75 kupunguza sauti nyembamba upande wa kupokea, wakati kwingi nje ya Amerika ni 50. Kwenye kituo cha kipimo cha 50 sauti itapungua ukali kiasi cha desibeli 3 hivi kwenye hezi 10,000. Zungusha trebo kidogo kulia, basi. Fundi anaweza kuimaliza kwa kubadili kapasita mbili ndogo, lakini si lazima.

*Matundu.* RCA (vile vitundu vya duara vya waya mwekundu na mweupe) kila mahali, skrubu au vibano vya waya kwa spika. Simu inaingia AUX, tundu la chombo cha ziada, kwa waya wa shilingi chache. Angalia soketi za umeme zilizoko nyuma ya chombo: zina volti zilezile zinazoingia, yaani 110. Zinakubali plagi ya pini mbili bapa. Usichomeke humo kitu cha 230.

Mwenye santuri ajihadhari na mashine iliyotoka Marekani pamoja na risiva. Kama mota yake inafuata hezi za umeme, hapa sahani ya mizunguko 33⅓ itazunguka 27.8 tu kwa dakika, na Siti binti Saad ataimba sauti ya kiume. Transfoma hairekebishi hezi. Inatakiwa puli ya hezi 50, au mashine yenye mota ya kujitawala kwa kwatzi.

*Fundi.* Hili ndilo toleo lililosambaa zaidi duniani, kwa hiyo michoro yake ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo inayolingana na namba za spea ndani.

*Inamfaa* anayependa kuchagua kutoka uwanja mpana wa modeli na hana tatizo na kuweka kisanduku kizito nyuma ya kabati. Hamfai anayehamahama nyumba, wala nyumba yenye watoto wanaochomoa na kuchomeka plagi ovyo.

Toleo la Japani

*Umeme.* Volti 100. Plagi yake inafanana na ya Marekani, pini mbili bapa, na kufanana huko ndiko kunakoua vyombo hivi. Mtu anaifungia transfoma ile ya 110, inawaka, inaimba, anaridhika. Kumbe inapata 115, asilimia 15 zaidi ya stahili yake. Ndani, kapasita ya volti 50 iliyokuwa ikibeba 42 sasa inabeba 48 na zaidi, na volti zikipanda usiku inavuka mpaka. Taa za kioo zinakufa mapema, heatisinki (mabamba ya chuma ya kupooza transista) zinachemka. Haitokei siku hiyo. Inatokea baada ya miezi, na lawama humwendea fundi.

Inataka transfoma inayotoa 100 halisi. Zipo, lakini si za kuokota kila duka. Fundi anayesuka koili anaweza kukutengenezea. Mwambie unataka 100 wakati inaingia 235, siyo 220. Jambo jema: Japani yenyewe ina mikoa ya hezi 50 na mikoa ya hezi 60, kwa hiyo vyombo vya huko vimeandikwa 50/60 na hezi zetu hazivisumbui.

*Redio.* Hapa ndipo penye mtihani. FM ya Japani ya zama hizo ni 76 hadi 90. Mwenye gari la mtumba kutoka Japani anaijua hadithi hii: unazungusha mwisho kabisa unapata vituo viwili vitatu, vingine vyote viko nje ya kioo. Kile kidubwasha kinachofungwa kwenye waya wa antena wa gari kinaweza kufanya kazi nyumbani pia, ukikipa volti 12 safi. Kikishusha masafa kwa megahezi 12, utapata kutoka 88 mpaka 102, na vilivyo juu ya 102 utavikosa. Namba za kwenye kioo nazo hazitakuwa na maana. Fundi akikuahidi atazungusha koili na kukupa bendi nzima, muulize vizuri. Chombo kimejengwa kutembea megahezi 14, wewe unataka 20.

*Matundu.* RCA kama la Marekani, na soketi za nyuma zina volti 100. Maandishi ya mbele mara nyingi ni ya Kiingereza. Ya ndani na ya bamba la nyuma ni ya Kijapani, na ndiyo alama ya haraka ya kulitambua toleo hili pale muuzaji anapoapa kwamba ni la Marekani.

*Fundi.* Kazi ya ndani huwa safi. Tatizo ni kwamba Japani yenyewe watu walipenda zaidi amplifaya peke yake na redio peke yake kuliko risiva, kwa hiyo kwenye mzigo wa mtumba kutoka huko utakutana zaidi na amplifaya isiyo na redio kabisa. Hiyo isikukatishe tamaa. Kama redio unasikiliza kwa simu, amplifaya ya Sansui au ya Pioneer isiyo na FM imekuondolea mtihani mzima wa aya ya redio.

*Inamfaa* anayesikiliza santuri, kaseti na simu, ambaye FM kwake ni nyongeza, na aliyeshika transfoma ya volti 100 mkononi kabla hajashika risiva.

Toleo la Ulaya, na lile la volti nyingi

*Umeme.* La Uingereza ni volti 240, hezi 50, na plagi yake ndiyo hii yetu ya pini tatu za mraba. Unachomeka. Kazi pekee ni kutoa fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi na kuweka ya 3, au ya 5 kwa risiva kubwa. La bara Ulaya ni volti 220. Linafanya kazi hapa lakini volti zikipanda hadi 240 linapata asilimia 9 za ziada, kwa hiyo stabilaiza si anasa.

Lile la volti nyingi ndilo analotamani kila mtu. Lina swichi au plagi ndogo ya kuzungusha nyuma: 110, 120, 220, 240. Matoleo haya yaliuzwa nchi nyingi, na pia kwenye maduka ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa nje ya nchi yao. Weka 240. Wengine huweka 220 wakidhani watapata nguvu zaidi. Faida yake ni chini ya desibeli moja, ambayo sikio halioni, na hasara yake ni joto la kila siku. Na ukihamisha kutoka 120 kwenda 240, badili na fyuzi: iliyokuwa ampia 4 iwe 2, kama ilivyoandikwa pembeni ya kishikio chake. Fyuzi ya zamani ikibaki, siku ya hitilafu haitakatika kwa wakati.

Hakikisha swichi hiyo ni ya kweli. Kuna vyombo ambavyo tundu lake lipo kwenye bamba lakini ndani hakuna kitu, kwa sababu kiwanda kilitumia bamba moja kwa masoko mawili. Fungua kifuniko uhesabu nyaya zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye swichi.

*Redio.* FM kutoka 87.5 au 88 hadi 108. Modeli nyingine za bara Ulaya zinaishia 104, basi tazama kioo. Kipimo cha mikrosekunde ni 50. Baadhi zina bendi ya masafa marefu sana, LW, ambayo hapa ni pambo tu.

*Matundu.* Risiva za chapa za Ulaya kama Grundig, Philips na Bang & Olufsen zinatumia DIN: tundu la mviringo la pini tano kwa vyombo, la pini mbili kwa spika. Si kikwazo, ila usinunue waya wowote tu. Kuingiza sauti ya simu, kushoto ni pini ya 3, kulia ni ya 5, ya kati namba 2 ni ardhi. Pini 1 na 4 zinatoa sauti kwenda kurekodi. Waya uliochanganya hizo utakupa ukimya na utadhani risiva imekufa. Zile za Kijapani zilizouzwa Ulaya zina RCA, wakati mwingine na DIN moja ya deki. Kenwood ya Uingereza utaikuta kwa jina la Trio, ni walewale.

*Fundi.* Za Kijapani zina spea za kufanana na toleo la Marekani, ila michoro ya sehemu ya umeme inatofautiana. Za Ulaya zina transista na vibodi vyake vyenyewe. Fundi asiyezizoea atakurudishia.

*Inamfaa* karibu kila asiyetaka kushughulika na transfoma, kwa sharti la subira: ni chache, na muuzaji anayejua alichonacho anajua pia bei yake.

Chumvi haichagui toleo

Vyombo hivi vimekaa miaka arubaini na zaidi, na hapa vinaishi jirani na bahari. Unyevu wa masika na chumvi ya upepo hushika kila mahali chuma kinapogusana na chuma: swichi za kuchagua chombo, nobu ya sauti, vidole vya relei ya spika (swichi inayojiwasha yenyewe kuunganisha spika), matundu ya RCA. Dalili ni sauti ya upande mmoja inayorudi ukigonga, au makwaruzo ukizungusha nobu. Dawa ni ile ya kupuliza ya kusafishia kontakti, ndani ya nobu yenyewe kupitia upenyo wake, kisha unazungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi, chombo kikiwa kimezimwa. Mafuta ya kulegezea skrubu zilizoshika kutu si dawa ya nobu. Yanasafisha leo na kukusanya vumbi kesho.

Transista za zama zile zina miguu ya fedha inayogeuka myeusi. Hiyo ndiyo mara nyingi inayotoa sauti ya mafuta yanayokaanga kwenye upande mmoja. 2SC458 na 2SA726 zina sifa mbaya ya jambo hilo, na fundi akizikuta azibadili bila kusubiri zilie. Kapasita zenye maji ndani hukauka: mngurumo wa chini usiobadilika ukizungusha sauti unaashiria kapasita kubwa za umeme. Kwenye kubadili, mikrofaradi ziwe zilezile au zaidi kidogo, volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe si pungufu.

Mwisho wa miaka ya sabini viwanda vilianza kuweka kipande kimoja cha STK, chenye amplifaya nzima ndani yake, badala ya transista za nguvu. Pioneer SX-780 ni mfano. Kikifa, cha asili ni shida kukipata na cha bandia ni kingi. Risiva yenye transista za kawaida inatengenezeka kwa urahisi zaidi, na kwa mazingira yetu hiyo ni hoja nzito kuliko mita mbili za sindano zinazocheza usoni.

Halafu lile la kitambaa. Risiva inapumua kwa juu. Kitambaa kilichodariziwa, juu yake chombo cha maua ya plastiki, na pembeni picha ya harusi: kunapendeza, na ndani heatisinki zinapikika. Acha sentimita 10 wazi juu. Mjusi kafiri naye hupenda joto hilo. Akipita kati ya nyaya mbili zenye umeme anakufa yeye na fyuzi. Wavu mwembamba wa mbu uliobanwa kwa ndani ya matundu ya chini, siyo ya juu, unamzuia bila kuziba pumzi. Na chombo kisichotumika kiwashwe saa moja kila wiki wakati wa mvua, kijikaushe.

Umeme ukikatika, zima kwenye swichi ya chombo. Unaporudi huja kwa kishindo, na gharama ya kungoja dakika tano haipo. Wenye inveta: inayotoa wimbi la ngazi itaivumisha transfoma ya risiva na kuingiza mlio kwenye santuri, tafuta ya wimbi laini.

Kabla ya kutoa pesa

Mwambie fundi au muuzaji afunge globu ya sirizi: globu ya zamani ya waya, wati 60 hadi 100, imekatishwa kwenye njia ya umeme kabla ya transfoma ya kushusha. Ukiwasha, globu imeremete kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Zima, usijaribu bila globu "kuona tu".

Ikifaulu, subiri. Risiva yenye relei ya kulinda spika italia *tak* baada ya sekunde chache. Isipolia, kuna kitu kinailinda spika yako na usiilazimishe. Kabla ya kufunga spika pima volti za DC kwenye matundu yake: chini ya milivolti 50 ni salama, zaidi ya 100 inataka marekebisho, volti moja nzima na zaidi mara nyingi inamaanisha transista ya nguvu imekufa. Kisha funga spika ya bei ndogo usiyoipenda.

Kimya kabisa? Usikimbilie kushusha bei wala kuondoka. Tazama kitufe cha TAPE MONITOR: kikiwa ndani na hakuna deki, risiva inakaa kimya. Tazama nyuma kwenye matundu ya PRE OUT na MAIN IN: yanaunganishwa na vipini vya chuma vyenye umbo la U, na vikipotea chombo kinakuwa bubu. Waya mfupi wa RCA unatosha badala yake. Risiva nyingi "mbovu" zina mojawapo ya hayo mawili, na muuzaji asiyejua atakuuzia kwa bei ya spea. Na simu usiichomeke PHONO. Pale pametengenezwa kwa sindano ya santuri inayotoa milivolti mbili tatu, simu italeta ukelele wenye besi iliyovimba.

Spika mbili jozi A na B zikiwa za omu 8 zinakuwa 4 zikiwashwa pamoja kwenye risiva nyingi. Soma nyuma inaruhusu ngapi.

Acha iimbe nusu saa. Gusa heatisinki pande zote mbili: ya moto ni sawa, isiyoshikika si sawa, na moja baridi nyingine moto ni swali la kumuuliza fundi kabla ya kulipa.

Kwa hali yako

Unaishi Mji Mkongwe, kuta za mawe nene, na redio ndiyo roho yako: toleo la Ulaya au la Marekani, na antena nje. Waya bapa wa umbo la T wenye upana wa mita moja na nusu, ukitundikwa dirishani upande wa bahari badala ya nyuma ya kabati, unaweza kukuletea stesheni za Dar es Salaam, kilomita 70 hivi kuvuka maji. Chini ya mabati usitegemee antena ya ndani.

Una santuri za taarabu za marehemu babu na huna haja ya FM: amplifaya ya Japani yenye PHONO nzuri ni chaguo halali kabisa, mradi transfoma ya 100 ije kwanza. Au Yamaha za mfululizo wa CR za soko la Ulaya, ambazo nobu yake ya laudnesi (ya kujaza besi sauti ikiwa ndogo) inazunguka polepole badala ya kuwa kitufe cha ndiyo au siyo. Kwa kusikiliza kwa sauti ndogo usiku, wengine wamelala, hiyo ni neema.

Uko Chake Chake au Wete na fundi wa kuaminika yuko mbali: la volti nyingi, transista za kawaida, bila STK. Afadhali wati 20 zisizohitaji chochote katikati kuliko wati 100 zenye transfoma mbili na stabilaiza.

Umeona Marantz ya Marekani kwa bei nzuri, na unaipenda kwa lile gurudumu lake la kutafutia stesheni linalozungushwa kwa kidole: ichukue, lakini ongeza kwenye bei transfoma ya 500, kazi ya fundi ya kapasita, na mzigo wa kilo kumi na tano kupanda boti. Jumla ikipita ya Trio iliyo tayari kwa 240, umejibiwa.

Ndugu wa nje amekuletea risiva na hujui ni toleo gani: usiichomeke. Geuza, piga picha bamba la nyuma, soma volti, hezi na mwisho wa namba za FM kwenye kioo. Ikiwa volti ni 100 au 120, kata ile plagi ya kubadilishia ambayo mtu mwema amekwisha kuifunga, ili asije mwingine nyumbani akaichomeka ukutani kabla hujarudi na transfoma.